Saba za Jina Moja

Inspekta alikataa kiti. Tangu saa mbili asubuhi mwanamke huyu alikuwa akizunguka ndani ya maktaba ya sauti ya kituo cha redio, akihesabu mapengo kwenye rafu kwa ncha ya kalamu. Kila alipofika la saba alirudi mwanzo, kana kwamba safari hii yangetimia manane.

"Afande, mapengo hayazai," alisema sajini wake, mkongwe aliyebakiza miezi mitano kustaafu. "Kaa unywe chai."

"Kunywa wewe. Dada, nisomee tena hizo kadi."

Fundi mitambo wa kituo, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja, aliziinua kadi saba. Zilikutwa mezani, zimechomolewa kwenye droo ya herufi U na kutandazwa kama karata.

"Ya kwanza santuri ndogo, wimbo wa mapenzi, mwendo wa taratibu. Ya pili santuri ndogo, bendi nyingine, huo ni wa kucheza. Ya tatu albamu ya kwaya ya wafanyakazi wa reli. Ya nne albamu ya mpiga saksafoni, haina neno hata moja la kuimbwa. Ya tano wimbo wa watoto wa chekechea. Ya sita utepe wa mchezo wa redio. Ya saba utepe wa matangazo ya afya, yale ya kuwakataza watu kulala na jiko la mkaa chumbani."

"Na zote jina moja."

"Zote zinaitwa Usifunge Mlango."

Mlango wa maktaba wenyewe haukuwa umefungwa. Jana, Ijumaa, kati ya saa saba na saa nane mchana, wafanyakazi wakiwa kwenye chakula, mtu aliingia humu, akachukua vitu saba, akatoka. Saa nane na dakika kumi alikutwa mtunza maktaba, mzee ambaye kituo kizima kilimwita Sindano kwa sababu kwa miaka thelathini hakumruhusu mtu mwingine kugusa sindano ya santuri. Alikuwa chini, kisogo kimepasuka kwenye pembe ya rafu ya chuma. Sasa alikuwa hospitali, hajazinduka, na askari amewekwa mlangoni pa wodi. Mtu aliyemwangusha Sindano alikuwa nje, na huenda Sindano alimwona sura.

"Humu hakuna kitu cha maana kuliko hivi?" Inspekta aliuliza.

"Vipo tele. Hii mashine ya tepu yenyewe haipatikani tena popote. Hakuigusa."

Mashine ilikaa kona ya ndani, nyuma ya rafu ya mwisho. Mtu aliyesimama penye droo za kadi hangeiona. Inspekta alichuchumaa. Hedifoni zilikuwa sakafuni, waya umenyooka kuelekea pale mzee alipoangukia.

"Alikuwa amezivaa," alisema. "Ndiyo maana hakumsikia mtu akiingia. Alikuwa anasikiliza nini saa ya chakula?"

Fundi mitambo aliinama kuangalia. "Ni utepe wa salamu za zamani. Boksi lake hili hapa, limeandikwa Salamu za Wasafiri, droo ya S. Huu haumo kwenye hizo saba."

"Alitumwa na nani kuusikiliza?"

"Sindano hatumwi, Afande. Anaweza kushinda kutwa akisikiliza salamu za watu waliokwisha kufa."

"Usiuguse. Usirudishe nyuma hata kidogo. Chumba kifungwe, ufunguo nipe mimi."

Sajini alikuwa na nadharia tangu usiku na alikuwa akiitunza kama pipi mfukoni. Aliitoa walipofika kwenye gari. Zile santuri ndogo mbili zilikuwa za wanamuziki waliogombania jina hilo kwa miaka kumi na mitano, magazetini na jukwaani, na mara moja kwa viti.

"Mmoja wao amezeeka na kinyongo," alisema. "Uzee na kinyongo havikai nyumba moja bila kuvunja vyombo."

* * *

Mwanamuziki wa wimbo wa taratibu walimkuta barazani kwake, akisugua shingo ya gitaa kwa msasa. Mbele yake alikaa mzee mwingine, mwembamba, ameshika kikopo cha gundi na kijiti.

"Tunamtafuta pia yule hasimu wako," sajini alimwambia baada ya salamu.

"Huyo hapo. Angalieni asiwamwagie gundi."

Sajini aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Nadharia yake ilianza kufa pale pale.

"Ni kweli tulipigana," mwenye msasa aliendelea. "Mimi nilisema kaniibia jina, yeye akasema jina nimeliokota mlangoni kwake. Halafu mtoto wangu akaenda kumwoa binti yake. Sasa mimi nikimpiga huyu, wajukuu nitawaonea wapi?"

"Jana saa saba mchana mlikuwa wapi?" Inspekta aliuliza. Alikuwa akitembea kutoka nguzo moja ya baraza hadi nyingine.

"Hapa. Muulizeni mke wangu, alitufukuza mara mbili kwa kelele." Mzee aliweka msasa chini. "Mwanangu, hebu nikuulize na mimi. Nikaibe wimbo wangu wa nini? Chini ya kitanda ninazo santuri arobaini, panya wanazipanda kama ngazi. Kama ni kumkomoa huyu, ningeiba wake peke yake. Wimbo wa chekechea wa nini? Saksafoni ya nini?"

"Na matangazo ya jiko la mkaa," alisema mwenye gundi, akiongea kwa mara ya kwanza. "Binti, mtu anayejua muziki anajua anachokitaka. Aliyebeba vyote hakijui. Ameambiwa jina tu. Ni kama mume anayetumwa na mkewe dawa, akafika dukani kasahau dawa gani, akaja na duka zima."

Inspekta alisimama katikati ya nguzo mbili. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile miguu yake kutulia.

"Analijua jina," alisema, "haijui sauti."

"Eeh. Maneno hayo."

"Asanteni, wazee wangu. Msipigane."

"Mpaka gundi ikauke," alisema mwenye gitaa.

Kwenye gari alimpigia fundi mitambo. Alitaka daftari la maombi, lile linalokaa mapokezi, ambamo watu wa nje huandikisha kitu wanachotafuta. Nani, mwezi huu, aliuliza jina hilo? Zilisikika kurasa zikifunuliwa.

"Jumanne," fundi mitambo alisema. "Mwanamke, mpiga pasi wa hoteli, anuani ya kazini ipo. Ameandika hivi: Wimbo, Usifunge Mlango. Mwaka, sijui. Mwimbaji, mama yangu. Na Sindano ameandika pembeni: arudi Ijumaa saa kumi."

Ijumaa saa kumi. Karibu saa mbili baada ya Sindano kuokotwa sakafuni.

* * *

Chumba cha kupigia pasi kilikuwa nyuma ya hoteli, chini, na mvuke wake ulikutana nao kwenye ngazi. Wanawake wanne walikuwa wakilisha mashuka kwenye roli za moto. Wa tano, binti wa miaka ishirini na minane hivi, kitambaa kimebana nywele, alikuwa peke yake kwenye meza ya mashati. Alipoambiwa kuwa ni polisi hakuiacha pasi. Alimaliza kola kwanza.

"Ni habari ya yule mzee wa maktaba?" aliuliza. "Jana nilifika saa kumi, wakanirudisha getini. Walisema ameanguka."

"Alisukumwa. Nieleze huo wimbo wa mama yako."

Alilitundika shati. Alisimulia huku akiangalia mikono yake. Baba yake alikufa yeye akiwa mchanga. Akiwa na miaka minne mama yake alipata kazi kiwanda cha samaki, mbali, safari ya siku mbili kwa basi, akamwacha kwa baba mdogo wake, mdogo wa marehemu baba yake. Miaka miwili pesa na salamu zilikuja. Kisha zikakatika.

"Baba mdogo aliniambia mama kapata mwanamume huko, kaanza maisha mengine. Alisema nisimngoje. Basi sikumngoja." Akakunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa. "Miezi miwili iliyopita mama mdogo, mkewe, alifariki. Siku ya mwisho nilikuwa namnywesha uji, akanishika mkono, akasema: mama yako alisema redioni, Usifunge Mlango. Nikangoja aendelee. Hakuendelea tena."

"Alisema au aliimba?"

"Samahani?"

"Nataka neno lake lile lile. Mama yako aliimba redioni, au alisema redioni?"

Binti alifikiri. Roli ziliguna nyuma yao. "Alisema," alijibu polepole. "Mimi ndiye niliyedhani ni wimbo."

Inspekta alimtazama sajini, na sajini akaacha kujipepea kwa kofia. Utepe wa salamu. Sindano alikuwa ameelewa kabla yao.

"Nani mwingine alijua kwamba unautafuta?"

"Hakuna. Ni baba mdogo tu, naishi kwake. Jumatano jioni nilimwambia nimeipata maktaba, na Ijumaa nitamsikia mama. Akaniuliza jina la wimbo. Nikamtajia, akaniuliza tena."

"Mbona mara mbili?"

"Sikio lake la kushoto limekufa. Mashine ya upepo, pale kazini. Ni fundi matairi."

Inspekta alikwisha kutoa simu. Alimpata bawabu wa kituo cha redio, yule yule aliyeapa jana kwamba katika saa nzima ya chakula hakuingia mgeni hata mmoja.

"Na ninarudia, Afande. Hakuingia."

"Fundi matairi je?"

"Aa, yule aliingia. Lakini yule si mgeni. Yule ni wetu, kila wiki yuko kwenye magari ya hapa."

"Alibeba nini?"

"Tairi. Aliingia na tairi, akatoka na tairi."

"Alilibebaje alipoingia?"

"Begani, kama siku zote."

"Na alipotoka?"

"Alipotoka alilikumbatia kifuani kwa mikono miwili, kalifunika gunia. Nilimtania, nikamwambia leo umebeba bibi harusi." Akashusha sauti. "Afande, hivi mimi nimefanya nini?"

"Nenda kahesabu matairi ya kila gari lililopo hapo uwanjani. Halafu unipigie."

Alipogeuka, binti alikuwa amekwisha kuvua aproni.

"Baba mdogo amefanya nini?"

"Bado sijui yote," Inspekta alisema. "Njoo kwanza umsikie mama yako."

* * *

Fundi mitambo alirudisha utepe nyuma kwa mkono, taratibu, mpaka mwanzo wa sehemu aliyokuwa akiisikiliza Sindano. Walikuwa wanne kwenye kona ile nyembamba. Binti alipewa kiti. Inspekta alisimama.

Kwanza ulisikika muziki mfupi, kisha sauti ya mtangazaji: karibuni tena katika kipindi cha salamu za wasafiri, kipindi chenu cha Usifunge Mlango.

"Lo," fundi mitambo alisema chini chini. "Kumbe kiliitwa hivyo. Mimi nilikuwa bado shule. Salamu zote Sindano aliziweka kwenye S, jina la kipindi hakulijali."

Watu watatu walisalimia kwao, wa kwanza akiwa na kikohozi. Wa nne alikuwa mwanamke. Alitaja jina lake na kiwanda chake kwa haraka, kama mtu aliyeambiwa ana nusu dakika. Binti alishika ukingo wa meza.

"Namsalimu mwanangu," sauti ilisema. "Mwambieni mkataba wangu umekwisha na sirudi tena huku. Nakuja kumchukua tukae nyumbani kwetu. Nafika Jumamosi tarehe kumi na nne, basi la asubuhi. Shemeji, tafadhali unisubiri kituoni, nina mizigo. Nimemnunulia mtoto viatu. Sijui mguu wake umefika wapi, nimekisia tu."

Mtangazaji akashukuru. Wa tano akaanza. Fundi mitambo akazima.

Binti aliiachia meza.

"Alikuwa anakuja."

"Ndiyo."

"Sasa, alifika?"

Simu ya Inspekta ilikuwa ikitetemeka mkononi: bawabu alikuwa amehesabu matairi. Alisikiliza, akasema ahaa, akakata. Sajini alimvuta pembeni, nyuma ya rafu.

"Afande, mwanamke alitangaza redioni siku na basi la kurudi," alinong'ona. "Miaka ishirini na miwili hajaonekana, na shemeji yake anaiba utepe. Niite watu wenye majembe?"

"Ita gari la pili tu. Majembe yangoje."

"Na huyu binti?"

Binti alikuwa amesimama nyuma yao. "Huyu binti anakuja," alisema.

* * *

Karakana ya matairi ilikuwa uwanja wa udongo mweusi uliozungushiwa mabati. Mashine ya upepo ilikuwa ikinguruma. Fundi, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mabega mapana, alikuwa amezamisha mpira kwenye beseni la maji akitafuta mapovu ya pancha. Harufu ya mpira ulioungua ilijaa kila mahali, na hakuna jirani ambaye angeiulizia. Sajini hakumsemesha. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la kuchomea taka, akaokota nondo, akaanza kukoroga majivu.

"Jana saa saba ulikuwa kituo cha redio," Inspekta alianza.

"Nipo huko kila wiki." Hakumwangalia. Alikuwa amemwona binti getini.

"Ulitoka na tairi la gari gani?"

"Gari la habari. Lina pancha."

"Gari la habari limesimama na matairi yake manne, na la akiba mgongoni. Yamehesabiwa sasa hivi, na ya magari mengine yote."

Mapovu yalipanda kwenye beseni. Fundi aliendelea kuyatazama kana kwamba bado yana kazi. Nyuma, nondo iligonga chuma. Sajini alikuja na bobini mbili za tepu, nyeusi, zimepinda, na kipande cha kitu kilichoyeyuka kikaganda kama lami, chenye tundu katikati.

"Bobini hizi ni mchezo wa redio na jiko la mkaa," Inspekta alisema. "Hili tundu sijui ni kwaya au saksafoni. Umechoma saba, fundi. Sauti uliyoitaka haikuwemo."

Fundi alimgeuzia sikio la kulia. "Unasemaje?"

"Ilikuwa inazunguka kwenye mashine, nyuma ya rafu, yule mzee alipokuwa akiisikiliza. Tumetoka kuisikiliza na sisi. Zima hiyo mashine ya upepo."

Aliizima. Ukimya ulifanya uwanja uonekane mdogo. Alikaa juu ya tairi la lori.

"Sikumpiga yule mzee. Nilishachomoa vyote, nikadhani chumba kitupu. Akatokea nyuma ya rafu, akaniuliza, fundi, huku kuna tairi gani? Nikamsukuma nipite. Nilisikia tu mlio." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Mimi redio sisikilizi. Marehemu mke wangu ndiye aliyesikia siku ile, akaniambia shemeji anakuja Jumamosi. Sikujua kama ni wimbo au ni nini. Nilijua jina tu, kwa huyu mtoto."

"Jumamosi hiyo ulikwenda kituo cha mabasi?"

Fundi aliutazama mpira uliokuwa kwenye beseni.

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Ukamfanya nini?"

"Sikumgusa."

"Yuko wapi?"

"Nakwambia sikumgusa hata kidole."

Binti alikuwa amesogea bila mtu kumwona. Alisimama mbele yake, viatu vyake vya kazini vikichafuka na lami.

"Baba mdogo," alisema. "Mama yuko wapi?"

Mwanamume aliangalia chini.

"Nilimwambia umekufa," alisema.

Sajini, aliyekuwa tayari kwa kaburi la mwanamke, alishusha bobini.

Maneno yalitoka kwa shida, kisha yakaja mfululizo, kama ya mtu aliyekwisha kuyapanga mara nyingi bila kumpata wa kumwambia. Nyumba ile kaka yake aliiandikisha kwa jina la mkewe, huyo shemeji. Yeye, mkewe na mtoto wa kaka walikuwa wamekaa miaka miwili, wamepaka rangi, wamepanda ua. Mahali pengine hawakuwa napo. Alimpeleka mkewe na mtoto kwa wakwe zake tangu Ijumaa. Jumamosi alimpokea shemeji yake kituoni, akambebea mizigo, akamwambia mtoto amekufa kwa surua, wiki ya pili sasa. Mama alitaka kuona kaburi. Makaburini kulikuwa na tuta dogo, jipya, halina kibao. Alimwonyesha hilo.

"Alikaa pale mpaka jua likashuka," alisema. "Mimi nilidhani sasa atadai nyumba yake. Hakuuliza hata habari ya nyumba. Aliniambia nimpeleke kituoni, akapanda basi lile lile alilokuja nalo. Mke wangu nilimwambia hakushuka."

"Na viatu?" binti aliuliza.

"Viatu gani?"

Hakurudia swali. Aligeuka akatembea hadi getini, akasimama huko akiwapa mgongo. Mabega yake hayakutikisika. Inspekta alimfuata, na kwa dakika nzima walisimama bega kwa bega wakitazama barabara.

"Nataka anionyeshe," binti alisema mwishowe. "Hilo kaburi. Leo."

"Kesho asubuhi tutakuwa na..."

"Afande, nimengojeshwa miaka ishirini na miwili."

* * *

Walikwenda na magari mawili. Fundi alikaa nyuma ya gari la pili, pingu mkononi, kati ya askari wawili. Njiani simu ya sajini ililia: Sindano amezinduka. Alikuwa amemtaja fundi matairi bila kuulizwa, na baada ya hapo aliuliza kama kuna mtu aliyekumbuka kuzima mashine, maana utepe ule ni mkavu na utakatika.

"Huyo hafi," sajini alisema. "Mtu wa hivyo hafi." Alisema kwa furaha, kisha akakumbuka binti aliyekaa kiti cha nyuma, akanyamaza.

Saa kumi na moja makaburi yalikuwa na mtu mmoja tu, mtunzaji wake, mzee aliyekuwa akikata nyasi kwa fyekeo. Fundi hakushuka. Alionyesha kwa kidevu kupitia dirishani: safu ya watoto, karibu na ukuta, la tatu kutoka pembeni.

Inspekta alitegemea tuta lililozama, majani, labda si kitu kabisa. Binti alitangulia. Alipofika la tatu alisimama ghafla hivi kwamba sajini alikaribia kumkumba.

Kaburi lilikuwa limejengewa kwa matofali na kupakwa chokaa. Chokaa ilikuwa mpya. Hapakuwa na jani. Kichwani palikuwa na kibao cha saruji, herufi zimechongwa na mtu ambaye si fundi, na binti akasoma jina lake mwenyewe, la kwake na la baba yake, na mwaka aliozaliwa.

Mtunzaji alikuja akiburuta fyekeo. "Karibuni. Mmekuja kumwona mtoto?"

"Nani analitunza hili?" Inspekta aliuliza.

"Mama yake. Huyu mama sijaona mfano wake. Kila mwaka yupo, anatoka mbali, basi siku mbili. Anafagia, anapaka chokaa kwa mkono wake, analala nyumba ya wageni, kesho anarudi." Alihesabu kwa vidole. "Safari hii ana wiki tano tangu aondoke. Nyinyi ni nani wake marehemu?"

Mtunzaji alimtazama Inspekta, akamtazama binti, akadhani ameuliza vibaya.

"Una namna ya kumpata?" Inspekta alisema.

"Namba yake ninayo. Aliniachia, akasema mvua zikizidi na kaburi likititia nimpigie, atakuja." Alitoa simu yenye kioo kilichopasuka, akatafuta kwa kidole kinene, muda mrefu. "Niseme nini?"

Inspekta alinyoosha mkono, maana maneno kama haya ni kazi ya polisi, yeye ameyasema mara nyingi milangoni kwa watu. Binti alitikisa kichwa. Aliichukua simu yeye, akaibonyeza, akaiweka sikioni. Iliita mara tano. Sajini alivua kofia bila sababu aliyoweza kuieleza baadaye.

"Haloo?" ilisema sauti ya mwanamke. Ilikuwa ile ile ya kwenye utepe, imechoka tu, na safari hii haikuwa na haraka. "Mzee wa makaburini? Kuna nini? Kaburi limetitia?"

Binti aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Haloo? Mzee?"

"Halijatitia, mama," alisema. "Kaburi liko salama. Lakini aliyelala humu ni mtoto wa watu."

Upande wa pili mlango mahali fulani ulifunguliwa na mtu akaita jirani.

"Wewe nani?" sauti iliuliza.

Binti alimtajia jina. Halafu, kwa kuwa hakusikia jibu, akalitaja tena, akaongeza la baba yake na mwaka aliozaliwa, na akaendelea kumwambia yuko wapi na yuko na nani, mpaka upande wa pili mama yake alipoanza kulia na kumwita.